Jinsi ya Kuchagua Kamera Imara na Lenzi Pana kwa Picha za Mandhari: Kutoka Ufukwe wa Paje hadi Kilele cha Kibo

Mtu anayetaka kupiga picha za mandhari kwa kawaida hununua vitu viwili kwa nyakati mbili tofauti. Kwanza hununua bodi ya kamera, ambayo huichagua kwa kutazama bei na idadi ya megapikseli. Baadaye hununua lenzi pana, ambayo huichagua kwa kuuliza ni ipi inayoingiza eneo kubwa zaidi katika fremu. Ushauri wangu ni kwamba uamuzi huo ufanywe mara moja na kwa pamoja, kwa sababu lenzi pana haitoi picha nzuri mpaka mpiga picha asogee karibu: karibu na jiwe la matumbawe linalopigwa na mawimbi, karibu na ngalawa iliyolala kwenye mchanga baada ya maji kupwa, karibu na mmea uliolowa umande kwenye uwanda wa Shira huko Kilimanjaro. Lenzi ndefu ya kupigia simba hufanya kazi ukiwa ndani ya gari, lakini lenzi pana hukupeleka palipo na maji, chumvi, matope na vumbi, na hukutaka uiweke kamera chini kabisa mahali hapo. Kwa hiyo anayechagua upana anachagua pia kiasi cha uimara atakachohitaji.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa safari yenyewe: kwanza mahali, kisha bodi, kisha lenzi, halafu ukaguzi wa dukani na matumizi ya nje. Mifano yake imechukuliwa katika pwani yetu, mbuga za Tanzania na Kenya, na Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa katika eneo hili dogo zinapatikana karibu adha zote ambazo kamera inaweza kuzipata duniani.

Hatua ya kwanza: tambua kinachoharibu kamera mahali unapokwenda

Pwani, tangu Lamu hadi Mtwara, kinachoharibu zaidi ni chumvi. Upepo wa kusi unapovuma kuelekea ufukwe wa mashariki wa Unguja, hubeba matone madogo ya maji ya bahari ambayo huwezi kuyaona, lakini ukipitisha kidole juu ya lenzi baada ya saa moja utahisi ukoko wake. Maji yanapokauka, chembe za chumvi hubaki kwenye mianya ya vitufe na kwenye vidoto vya shaba vinavyounganisha lenzi na bodi, kisha hunyonya unyevu wa hewani na kuanza kula madini. Uharibifu huu huja polepole, na mara nyingi hujitokeza miezi kadhaa baada ya safari, wakati mwenye kamera amekwisha kusahau kwamba alikuwa Paje au Jambiani.

Pamoja na chumvi huja kuvu. Kamera iliyofungiwa ndani ya begi la kitambaa wakati wa masika, katika nyumba ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hupata kila kitu ambacho kuvu anahitaji: giza, joto, unyevu mwingi na hewa isiyotembea. Nyuzi zake huota juu ya kioo cha ndani na hutoa asidi inayokula tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo hicho. Hata fundi akifanikiwa kumsafisha kuvu mwenyewe, alama zake zinaweza kubaki.

Bara, adha kubwa ni vumbi. Nyanda za kusini mwa Serengeti zina udongo uliotokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na kitanda kikavu cha Ziwa Amboseli hutoa vumbi jepesi linaloinuka kwa gari moja tu kupita. Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, ni pagumu zaidi, kwa sababu vumbi lake lina magadi, na magadi yakikutana na jasho la mikono au unyevu wowote huwa makali kwa madini na kwa mipira ya kuziba. Huko ningebadilisha lenzi ndani ya gari lililofungwa vioo, au nisingebadilisha kabisa.

Mlimani ni baridi. Kwa wastani joto hupungua takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kati ya mji wa Moshi na kilele cha Uhuru, kilicho juu ya Kibo na chenye mita 5,895, kuna tofauti ya karibu mita 5,000. Safari ya mwisho ya kilele huanza katikati ya usiku, na nyuzi 10 chini ya sifuri si jambo la ajabu saa hizo. Upepo nao huongeza makali.

Mvua, ambayo watu huiogopa kuliko yote, kwangu mimi ni adha nyepesi. Inaonekana inapokuja, na mfuko wa plastiki uliotobolewa tundu la lenzi huizuia vizuri kabisa. Vumbi na chumvi havitoi onyo.

Andika, basi, ni zipi kati ya adha hizi utakazokutana nazo mara nyingi, na uzipange kwa uzito. Mpiga picha wa Zanzibar na mpiga picha wa Arusha hawahitaji kamera ileile.

Hatua ya pili: soma madai ya uimara kwa makini

Madai ya watengenezaji hugawanyika katika makundi mawili. La kwanza ni madai yenye namba, yanayofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, ambacho alama yake ni herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huhusu vitu vigumu kama vumbi, nayo huishia 6, yaani vumbi haliingii kabisa. 5 humaanisha kwamba vumbi kidogo linaweza kuingia lakini si kwa kiasi cha kudhuru kazi ya kifaa. Tarakimu ya pili huhusu maji: 3 ni maji yanayonyunyizwa hadi pembe ya nyuzi 60 kutoka wima, 7 ni kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni kuzamishwa zaidi ya hapo kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ataueleza. Herufi X mahali pa tarakimu huonyesha kwamba upande huo haukupewa namba. Ni muhimu kukumbuka kwamba vipimo vya kuzamisha hufanywa kwa maji matamu na kifaa kikiwa kipya. Maji ya chumvi na mipira iliyozeeka ni habari nyingine.

Kundi la pili ni madai yasiyo na namba, yale yanayosema tu kwamba kamera imezibwa dhidi ya vumbi na unyevu. Kamera nyingi nzuri za Canon, Nikon, Sony, Fujifilm na Pentax zimo humu. Madai haya si ya uongo, kwa maana kamera hizo kweli zina mipira ya kuziba kwenye milango na vitufe, lakini hayakuambii ni maji kiasi gani, kwa muda gani, wala kutoka upande upi. Waranti za watengenezaji wengi hazigharamii uharibifu wa maji hata kwa kamera za namna hii. Zichukulie kama kamera zinazostahimili manyunyu na vumbi la njiani wakati unatafuta kitu cha kuzifunika.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipitia haraka ni kwamba kinga ya kamera ni ya mfumo mzima. Bodi iliyozibwa vizuri ikifungwa lenzi isiyo na mpira kwenye kitako chake imeachwa wazi mahali penye uwazi mkubwa kuliko wote. OM SYSTEM OM-1, iliyotoka mwaka 2022, ilitangazwa kwa kiwango cha IP53, na kiwango hicho hutimia pale tu lenzi nayo imejengwa kwa kiwango hicho. Geuza lenzi utazame kitako chake: lenzi iliyozibwa kwa kawaida ina ukingo mwembamba wa mpira unaozunguka duara la chuma. Baadhi ya lenzi za zamani za Canon za daraja la L, kama EF 17-40mm f/4L, hukamilisha kinga yake baada tu ya kufungwa filta mbele, kwa sababu kioo cha kwanza husogea ndani ya pipa unapozungusha zumu.

Zingatia pia namna zumu inavyofanya kazi. Lenzi ambayo pipa lake hurefuka na kufupika huvuta hewa ndani na kuitoa nje kila unapoizungusha, na pamoja na hewa huingia vumbi. Lenzi ambayo vioo vyake husogea ndani ya pipa lisilobadilika urefu ina nafuu kubwa Amboseli na Natron. Katika lenzi pana za zumu aina hii hupatikana zaidi kuliko katika lenzi za kawaida, nami ningeilipia tofauti ya bei bila kusita.

Hatua ya tatu: chagua bodi

Hapa sitakaa sana, kwa sababu bodi hubadilika kila mwaka na lenzi nzuri hudumu kuliko bodi tatu.

Anayepiga picha za maji yenyewe, kama vile watoto wakiogelea, wakulima wa mwani wakiwa wamesimama katika maji ya magoti au miamba iliyo chini ya uso wa bahari, ana njia rahisi ya kamera ndogo iliyozibwa kabisa. OM SYSTEM Tough TG-7 ya mwaka 2023 inatangazwa kuhimili kina cha mita 15, kuanguka kutoka mita 2.1, mgandamizo wa kilo 100 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Inahifadhi picha za RAW, yaani data ghafi ya kihisi. Kihisi chake, hata hivyo, ni kidogo, hivyo picha za alfajiri na usiku huwa na chembechembe nyingi, na upana wake wa mwisho ni sawa na milimita 25 za fremu kamili (kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), ambao ni upana wa wastani tu. Kwa usiku wa Kibo baridi inaweza kuvuka kikomo chake.

Anayeanza kwa bajeti ndogo atafaidika na kamera ya kioo (DSLR) iliyotumika, maadam bodi zenye kinga kama Nikon D7200, Nikon D750 na Canon EOS 7D Mark II bado zinafanya kazi vizuri sana katika mandhari. Ni nzito, lakini betri zao hudumu muda mrefu, jambo lenye thamani kubwa mlimani ambako hakuna mahali pa kuchaji. Anayeweza kununua bodi isiyo na kioo (mirrorless) ya kizazi cha karibuni atapata wepesi, lenzi mpya na kiona-picha kinachoonyesha mwanga kama utakavyotoka. Alipe gharama hiyo kwa kubeba betri za ziada, kwa kuwa skrini na kihisi hufanya kazi muda wote.

Angalia vitufe na gurudumu za kamera ukiwa umevaa glavu. Bodi ambayo huwezi kuiendesha kwa glavu haifai kwenye kambi ya Barafu, Kilimanjaro, saa saba za usiku.

Hatua ya nne: elewa upana unakufanyia nini

Katika kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 35 huona pembe ya takribani nyuzi 63 ikipimwa kona kwa kona. Milimita 24 huona nyuzi 84, milimita 20 huona 94, milimita 16 karibu 107, na milimita 14 huona 114. Kamera yenye kihisi kidogo huikata pembe hiyo. Namba iliyoandikwa kwenye lenzi izidishe kwa 1.5 kwa kamera za APS-C za Nikon, Sony na Fujifilm, kwa 1.6 kwa zile za Canon, na kwa 2 kwa mfumo wa Micro Four Thirds. Ndiyo maana lenzi ya milimita 10-18 katika kamera ndogo ya Canon hutoa upana wa takribani 16-29.

Tofauti ya milimita mbili upande huu wa chini ni kubwa kuliko inavyosikika. Kutoka 16 kwenda 14 unaongeza nyuzi 7, ilhali kutoka 70 kwenda 68 hutaona badiliko lolote.

Sasa tuje kwenye kosa linaloharibu picha nyingi za Kilimanjaro. Mpiga picha husimama Amboseli, mlima umejifunua alfajiri, naye huchukua lenzi yake pana kuliko zote ili mlima wote uingie. Mlima huingia, lakini ukiwa kichuguu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kukaririwa. Amboseli iko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100, kwa hiyo Kibo hupanda juu ya macho yako kwa karibu mita 4,700, na umbali wa kwenda huko ni takribani kilomita 47. Urefu gawanya kwa umbali ni moja ya kumi. Maana yake ni kwamba kimo cha mlima juu ya kihisi kitakuwa moja ya kumi ya namba ya lenzi: kwa lenzi ya milimita 16 mlima utakuwa na milimita 1.6 kwenye kihisi chenye kimo cha milimita 24, yaani sehemu moja kati ya kumi na tano ya picha, na sehemu kumi na nne zilizobaki ni anga na vumbi. Kwa milimita 50 mlima hufikia moja ya tano ya kimo cha picha. Kwa milimita 100 hufikia zaidi kidogo ya mbili ya tano, na hapo tembo aliye mbele yako ukiwa mbali naye kiasi hukaa chini ya Kibo kwa uwiano unaoonekana kweli machoni.

Lenzi pana, basi, si chombo cha kuingiza vitu vikubwa vilivyo mbali. Ni chombo cha kukuza kilicho mbele ya miguu yako na kukiunganisha na mbali. Ukipanda hadi bonde la Barranco, lililo karibu mita 3,900, na kusimama hatua moja kutoka kwenye dendrosenecio kubwa inayosimama kama mlingoti wenye majani kichwani, lenzi ya milimita 16 itaupa mmea huo ukuu wake, na ukuta wa Kibo nyuma yake hautaonekana mdogo kupita kiasi, kwa sababu hapo mlima uko kilomita chache tu na unapanda mbele yako. Pwani ni vilevile: siku za bamvua, ambapo maji ya Unguja yanaweza kupanda na kushuka kwa takribani mita 4, mchanga hubaki na mistari na vidimbwi vinavyoanzia unyayoni na kwenda hadi kwenye mawimbi yanayovunjika mwambani. Hiyo ndiyo mandhari ya lenzi pana. Siku za maji mafu mistari hiyo huwa michache na ufukwe huwa mfupi, na ningebadili mpango wa safari kwa ajili hiyo kabla ya kubadili lenzi.

Kabla ya kununua, tazama picha zako za mandhari unazozipenda na ujiulize kama kila moja ina kitu cha kutazamwa ndani ya mita 2 kutoka ulipokuwa umesimama. Kama nyingi hazina, lenzi ya 24 au 35 itakutosha, na fedha iliyobaki inunue tripodi nzuri.

Hatua ya tano: chagua lenzi yenyewe

Kwa mandhari ya mchana, alfajiri na jioni, lenzi ya zumu ya f/4 (namba ya f ni kipimo cha tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) inayoanzia milimita 14 au 16 ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa utaifunga tundu hadi f/8 au f/11 karibu kila mara. Tofauti ya uzito ni ya kuzingatiwa sana na anayepanda kwa miguu. Sony FE PZ 16-35mm f/4 G ina gramu 353, Nikon Z 14-30mm f/4 S ina gramu 485 na hupokea filta za kawaida za milimita 82, Canon RF 14-35mm f/4L ina gramu 540. Canon RF 15-35mm f/2.8L ina gramu 840. Kwa Fujifilm, toleo la XF 10-24mm f/4 lenye herufi WR ndilo lililozibwa. Toleo la kwanza lisilo na herufi hizo halikuzibwa, na sokoni huuzwa yote mawili, hivyo soma jina lote hadi mwisho.

Wenye kamera za kioo zenye kihisi cha APS-C wana lenzi mbili za bei nafuu ambazo ubora wa picha zake ni mkubwa kuliko bei: Canon EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM, yenye gramu 240, na Nikon AF-P DX 10-20mm f/4.5-5.6 VR, yenye gramu 230. Zote mbili hazikuzibwa, kwa hiyo ufukweni zinahitaji mfuko wa plastiki tangu mwanzo. Ile ya Nikon ina sharti moja zaidi: mota yake ya AF-P haifokasi kwenye bodi za zamani kama D90 na D7000, na muuzaji anaweza asikuambie.

Fikiria f/2.8 au f/1.8 ikiwa tu unapiga nyota. Anga la kusini mwa Ikweta ni zawadi kubwa, maana kati ya Juni na Agosti kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi, na msimu huo ni wa kiangazi. Kutoka f/4 hadi f/2.8 unapata mwanga maradufu, na kutoka f/4 hadi f/1.8 unapata karibu mara tano. Lenzi ya fokasi moja, isiyo na zumu, kama Sony FE 20mm f/1.8 G, yenye gramu 373, ni nyepesi kuliko zumu nyingi za f/2.8 na hufanya kazi ya usiku vizuri kuliko hizo. Gawanya 500 kwa urefu wa fokasi (milimita za lenzi) upate sekunde unazoweza kuacha shata wazi kabla nyota hazijawa vistari: kwa milimita 20 ni sekunde 25, na kwa kihisi chenye megapikseli nyingi punguza hadi 15 hivi.

Lenzi zenye kioo cha mbele kilichobenuka, kama Nikon AF-S 14-24mm f/2.8G ya mwaka 2007, hutoa picha bora, lakini siipendekezi pwani. Kioo hicho hakikubali filta ya kawaida, hakina kinga dhidi ya mchanga unaorushwa na upepo, na kila tone linalokigusa huonekana kwenye picha. Hili la matone linahusu lenzi pana zote kwa kiasi fulani: kwa kuwa huona karibu sana na hupigwa kwa tundu dogo, doa ambalo lenzi ndefu ingelimeza huwa duara la ukungu katikati ya anga. Tabaka la florini kwenye kioo cha mbele, ambalo hufanya maji yateleze na chumvi ifutike kwa urahisi, ni sifa ndogo kwenye karatasi ya maelezo lakini ni ya thamani kubwa ufukweni.

Kuhusu filta ya polaraiza, inayopunguza mng'ao na kukoleza rangi ya anga, wengi huonywa wasiitumie na lenzi pana kwa sababu hutia giza sehemu moja ya anga na kuacha nyingine nyeupe. Onyo hilo ni sahihi jua likiwa chini. Anga hupolaraizwa zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka jua, na asubuhi ukanda huo hupita katikati ya picha yako. Kwetu, hata hivyo, kuna miezi ambapo jua la adhuhuri huwa karibu utosini, na hapo ukanda huo hulala kwenye upeo wa macho pande zote, hivyo anga iliyo karibu na upeo hutiwa rangi kwa usawa zaidi. Kwa rangi za maji ya kina kifupi, ambazo huonekana vizuri jua likiwa juu, filta hii ina kazi hata kwenye milimita 18.

Hatua ya sita: kagua kabla ya kulipa

Kwa lenzi iliyotumika, na hata kwa ile inayosemwa kuwa mpya, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma na utazame kutoka mbele kwa mshazari. Chembe chache za vumbi hazina athari kwenye picha. Nyuzi zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu, na lenzi hiyo usiichukue kwa bei yoyote, wala usiiweke sanduku moja na nyingine. Kagua mpira wa kitako kama umekauka au umepasuka, tazama kutu ya kijani kwenye vidoto vya shaba, zungusha pete zote ukisikiliza mchanga, kisha fungua mlango wa betri na wa kadi utazame mipira yake.

Piga ukuta wa matofali au jengo lenye mistari kwa f/4 na kwa f/8, ukiwa umesimama sawa nalo, halafu kuza kona zote nne kwenye skrini. Kona moja ikiwa na ukungu hata kwa f/8 huku nyingine tatu zikiwa safi, kioo kimekaa upande, na kasoro hiyo haitatuliwi kwa kuhariri.

Hatua ya saba: vitumie na uvitunze kulingana na mahali

Fokasi ya lenzi pana iweke kwa mkono. Kwa fremu kamili, milimita 16 kwa f/8 ikifokasiwa mita 1.1 hutoa ukali kuanzia karibu nusu mita hadi upeo. Milimita 24 kwa f/11 ifokasi mita 1.8, nayo itakuwa kali kuanzia sentimita 90. Kama kihisi kina megapikseli nyingi, ongeza umbali huo kidogo ili milima ya mbali isilegee. Kupita f/16 picha yote hupoteza ukali, hivyo usifunge tundu zaidi kwa matumaini ya kupata kina.

Mlimani, betri ziwe kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na uingize moja tu kwenye kamera unapoanza kupiga. Betri iliyozimika kwa baridi mara nyingi hurudi ikipashwa joto, usiitupe. Kamera ibaki na baridi usiku kucha nje ya nguo zako, kwa sababu kuitoa kwenye joto la koti na kuirudisha mara kwa mara huleta ukungu unaoganda juu ya kioo. Unaporudi hemani au hotelini, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kuingia, ili unyevu utue juu ya mfuko. Pwani hali ni kinyume chake: chumba chenye kiyoyozi huifanya kamera iwe baridi kuliko hewa ya nje, na ukitoka alfajiri lenzi hufunikwa na mvuke papo hapo. Toa begi nje ya chumba nusu saa au zaidi kabla ya kazi.

Vumbi liondolewe kwa kipulizio cha mpira kwanza, kisha brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho. Anayeanza na kitambaa anasugua kioo kwa mchanga. Chumvi iondolewe siku ileile kwa kitambaa kilichochovywa maji matamu na kukamuliwa, kwenye bodi, pete na miguu ya tripodi, ambayo vifungo vyake vifunguliwe na kusuuzwa kabisa. Kamera iliyozibwa kwa manyunyu isiwekwe chini ya bomba.

Nyumbani, hasa pwani, acha begi la safari liwe la safari tu. Weka vifaa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo, na uhakikishe kipimo kinabaki kati ya asilimia 40 na 50. Kipimo kikianza kupanda ilhali mfuniko haujafunguliwa, silika imeshiba, na inapaswa kukaushwa kwa joto kama maelezo ya pakiti yanavyosema au kubadilishwa kabla masika hayajafika.